Sauti ya Billie Holiday haikutoka kwenye sigara

*“Nina miaka 24 na ninaimba katika bendi ndogo ya jazi, usiku tatu kwa wiki. Sijasomea muziki. Sauti yangu ni ndogo na nyembamba, na tangu niliposikia rekodi za mwisho za Billie Holiday nimetamani sauti iliyovunjika kama ile. Wenzangu wananiambia jazi haiimbwi na mtu ambaye hajateseka, na kwamba sigara na pombe kali kidogo huivisha sauti. Nilianza kuvuta mwaka jana. Jukwaani huwa nalazimisha mkwaruzo kooni. Sasa ni wiki ya tano sauti haijakaa sawa: asubuhi imekauka kabisa, jioni inarudi nusu, na noti za juu zinakatika au inatoka hewa tupu. Wengine wanasema huko ndiko kuiva kwenyewe. Je, ni kweli Billie aliipata sauti yake hivyo? Na nikiacha haya yote, nitabaki na nini?”*

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla sijakujibu uliyoyauliza naanza na lile ambalo hukuuliza. Wiki tano za sauti kukauka si kuiva. Ni koo linalokuomba msaada. Tafuta daktari wa masikio, pua na koo, akutazame nyuzi za sauti kwa kamera ndogo inayopitishwa puani au mdomoni. Kipimo hiki huchukua dakika chache tu. Sauti ikikauka ikapita wiki tatu au nne bila kupona, inapaswa kutazamwa hata kwa mtu asiyeimba, na kwa anayevuta sigara haraka ni kubwa zaidi. Wewe umeshaupita muda huo. Mimi ni mwalimu wa sauti. Naweza kusikiliza na kukisia, lakini hakuna sikio linaloweza kuona uvimbe.

Sasa tumzungumze Billie, kwa sababu naona ndiye aliyetumiwa kukushawishi.

Hadithi unayosimuliwa inakwenda hivi: aliteseka, akanywa, akavuta, akatumia dawa za kulevya, sauti ikavunjika, na hapo ndipo ikawa sauti kubwa. Karibu kila kitu kilichotajwa humo kilitokea kweli. Kilichoharibika ni mpangilio wa miaka, na ukishaupanga upya hadithi nzima inageuka.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 7 Aprili 1915 kwa jina la Eleanora Fagan, akakulia Baltimore. Mama yake, Sadie, alikuwa bado msichana. Baba yake, Clarence Holiday, mpiga gitaa aliyekuja kupiga katika okestra ya Fletcher Henderson, hakumlea. Mapema mwaka 1925, hata miaka 10 hajatimiza, alipelekwa House of the Good Shepherd, nyumba ya watawa wa Kikatoliki ya kurekebishia wasichana. Kwa hiyo mateso yalikuwepo, na mapema sana. Tahadhari tu na kitabu cha maisha yake cha mwaka 1956, alichokiandika pamoja na mwanahabari William Dufty. Kinasomeka vizuri, lakini kinasema alizaliwa Baltimore na kwamba wazazi wake walioana. Hakuna kati ya hayo lililo kweli. Wengi wanaokusimulia maisha yake wanasimulia kitabu hicho, au filamu iliyotokana nacho.

Lakini kuna jambo moja alilolisimulia mwenyewe kuhusu Baltimore ambalo sichoki kuwaambia wanafunzi wangu. Alikuwa akifanya kazi ndogondogo katika danguro moja la jirani, kutumwa huku na huko, na alikuwa radhi asilipwe ili mradi aruhusiwe kukaa sebuleni asikilize gramafoni. Hapo ndipo alipomsikia mpiga tarumbeta Louis Armstrong na mwimbaji wa bluzi Bessie Smith. Alisema alitaka ukubwa wa sauti ya Bessie na hisia za Louis. Mtoto anayekataa ujira ili asikilize santuri ni mwanafunzi kamili, ingawa hana mwalimu wala daftari. Unaposema hujasomea muziki, jiulize kwanza ni saa ngapi umekaa mbele ya rekodi moja, ukiirudia, mpaka ukajua mwimbaji anavuta pumzi wapi.

Alifika Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, akiwa na miaka kama 14. Jina Billie alilichukua kwa mwigizaji Billie Dove, na Holiday kwa baba yake. Aliimba kwenye vilabu vidogo vya usiku, na mapema mwaka 1933 akasikiwa na John Hammond, mtayarishaji aliyekuwa akizunguka Harlem kutafuta wanamuziki. Novemba mwaka huohuo alirekodi kwa mara ya kwanza, na kundi la Benny Goodman. Alikuwa na miaka 18.

Tarehe ninayotaka uikumbuke ni 2 Julai 1935. Siku hiyo aliingia studio New York na kundi la mpiga piano Teddy Wilson. Ana miaka 20, minne pungufu ya yako. Sauti iliyomo kwenye rekodi za siku hiyo ni safi, nyepesi, ina mng’aro, karibu ichekeshe kwa furaha. Hakuna mkwaruzo hata kidogo. Na wajuzi wa jazi hadi leo wanazihesabu rekodi alizozifanya kuanzia siku ile hadi mwisho wa miaka ya 1930 miongoni mwa kazi bora kabisa za uimbaji katika karne nzima. Heroini iliingia maishani mwake mwanzoni mwa miaka ya 1940. Nitakuwa mkweli: pombe na bangi alikuwa anazijua tangu ujana wake. Lakini sauti iliyovunjika unayoitamani wewe ilirekodiwa Februari 1958, miaka 22 na ushei baada ya siku ile ya Julai. Ukuu wake ulikuja kwanza. Uharibifu ulikuja baadaye, ukaula ule ukuu kidogo kidogo.

Je, huo ukuu ulikuwa nini, kama sauti ilikuwa ndogo? Maana ilikuwa ndogo kweli. Upana wake haukuzidi sana oktava moja, yaani kutoka do moja hadi do inayofuata, na wala hakuwa na nguvu ya kuujaza ukumbi bila kipaza sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Nyimbo alizopewa kurekodi na Teddy Wilson nyingi zilikuwa za biashara, nyimbo za msimu, na baadhi hazikuwa na thamani yoyote. Kwenye santuri ya dakika tatu hivi, yeye hakuwa nyota. Aliimba mzunguko mmoja, kisha saksafoni ikachukua wake, tarumbeta wake, piano wake. Kwa maneno mengine, alihesabiwa kama chombo kimojawapo, na akafanya kile ambacho vyombo vilikuwa vikifanya: aliutunga wimbo upya papo hapo. Pale mtunzi alipoandika mahadhi yanayopanda na kushuka kama ngazi, yeye aliyakusanya kwenye noti tatu au nne zilizo karibu karibu, akaziimba karibu na jinsi mtu anavyozungumza. Wenye kujua tu ubao wa noti watasema aliurahisisha wimbo. Mimi nasema aliondoa mapambo ili neno lisikike. Halafu, pale unapodhani wimbo umelala, anapandisha noti moja tu, na hiyo moja inakuchoma.

La pili ni muda. Bendi inapiga moja, mbili, tatu, nne. Mwimbaji wa kawaida hulitua neno zito juu ya “moja”. Billie huiacha “moja” ipite tupu, anaingia baada yake, anavuta maneno ya katikati, kisha anayabana ya mwisho ili afike pamoja na wenzake, na mara nyingine haoni hata haja ya kufika nao. Mpigie makofi ukimsikiliza. Utadhani amepotea. Usiache kupiga, utagundua hajapotea hata nukta moja. Ili uweze kufanya hivyo lazima mwili ushike mapigo bila kutikisika wakati mdomo uko huru. Anayechelewa kwa kutojua huiburuta bendi nzima nyuma. Anayechelewa kwa kujua, bendi inabaki palepale, na msikilizaji anahisi kama anaambiwa siri. Jambo hili haliwezi kutoka kwenye chupa wala pakiti. Ni kazi ya sikio, na sikio hufunzwa.

Kuanzia Januari 1937 alianza kurekodi na mpiga saksafoni Lester Young. Lester ndiye aliyempa Billie jina la Lady Day, naye Billie akamwita Prez, yaani Rais. Sikiliza jinsi saksafoni inavyojipenyeza kwenye nafasi anazoziacha, bila kumkanyaga. Wapo wanamuziki wanaopewa miaka kumi pamoja na bado hawafiki kusikilizana namna ile. Kama unataka kitu cha kuiga kwa Billie, iga hicho.

Na kuhusu mateso. Nakuomba usome kwa makini, kwa sababu sitaki uone ninayadharau. Mwaka 1938 aliimba na okestra ya Artie Shaw, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kufanya kazi na okestra ya wazungu, na kwenye hoteli moja ya New York aliambiwa atumie lifti ya mizigo. Aliacha kazi ile. Mwaka uliofuata, pale Café Society, klabu ya Barney Josephson iliyopokea weusi na wazungu bila kuwatenga, alianza kuimba “Strange Fruit”, wimbo wa Abel Meeropol kuhusu watu weusi walionyongwa mitini huko kusini mwa Marekani. Kampuni yake ya kurekodi, Columbia, ilikataa kuurekodi, akaurekodi na kampuni nyingine, Commodore, tarehe 20 Aprili 1939. Alikuwa ametimiza miaka 24 wiki mbili nyuma. Umri wako, binti yangu.

Pale klabuni wahudumu waliacha kuhudumia, taa zikazimwa, ukabaki mwanga mmoja usoni mwake. Wimbo ulipoisha palikuwa giza, na taa ziliporudi yeye hayupo. Sasa isikilize ile rekodi kama mwimbaji. Hapigi kelele. Halii. Hakwaruzi. Kila konsonanti imetamkwa, kila pumzi imepangwa, na sauti karibu yote imezuiwa, inaachiliwa mwishoni tu. Ni mwanamke anayejua ghadhabu yake na ameishika mkononi. Anayesema aliweza kuimba vile kwa sababu tu aliteseka anamnyang’anya kazi yake. Mamilioni waliteseka Marekani ile. Aliyejua silabi ipi icheleweshwe alikuwa yeye.

Nikupe mfano wa kupima. Ella Fitzgerald, mwimbaji mwingine mkubwa wa jazi, alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917, miaka miwili baada ya Billie. Alikuwa maskini vilevile. Mama yake alifariki mwaka 1932, naye pia akapelekwa nyumba ya kurekebishia wasichana katika jimbo la New York. Novemba 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la ukumbi wa Apollo, Harlem, akikusudia kucheza dansi, akabadili mawazo akaimba, akashinda. Wasichana wawili, taabu zinazofanana mno, mji uleule. Mmoja akatoa sauti ya kuungama, mwingine sauti angavu inayoruka kama ndege, na Ella aliendelea kuimba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mateso yangekuwa ndiyo kiwanda cha sauti, kiwanda kile kingetoa bidhaa moja.

Kilichobaki cha maisha ya Billie nitakipita haraka, si kwa sababu ni kidogo. Mei 1947 alikamatwa kwa dawa za kulevya, akafungwa katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia. Alitoka Machi 1948, na siku chache baadaye alijaza ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall, New York. Lakini polisi wa New York walikuwa na kadi maalumu, ambayo bila hiyo mwanamuziki haruhusiwi kufanya kazi kwenye klabu inayouza pombe, nao walimnyima. Mtu aliyezifanya klabu za jiji lile ziwe na maana hakuweza tena kuimba humo. Julai 1959 alifariki katika Metropolitan Hospital, New York, ini limeharibika, akiwa chini ya ulinzi wa polisi kitandani mwake. Alikuwa na miaka 44. Kila nikiandika umri huo nasimama kidogo. Angeweza kuwa na miaka 30 mingine ya kuimba.

Sasa ile albamu ya 1958, “Lady in Satin”, ambayo nadhani ndiyo iliyokuroga. Hata mimi naipenda, na sitakudanganya kwamba haina kitu. Pumzi ni fupi, noti zinayumba, ukingo wa sauti umechanika. Ray Ellis, aliyeandika na kuongoza okestra yake, mwanzoni hakuridhika na uimbaji ule, na baadaye tu alipoisikiliza tena akatambua alichokuwa nacho. Lakini kinachokuliza pale si mpasuko wa sauti. Ni kwamba nyuma ya mpasuko, yale mengine yote bado yapo: muda uleule wa 1935, neno lilelile linalotua pasipotarajiwa. Alikuwa na miaka 25 ya ujuzi, na sauti ilipomwishia ujuzi ulibaki umesimama. Ukiivunja sauti yako leo utabaki na mpasuko peke yake, bila kilicho nyuma yake.

Nikueleze kinachotokea kooni. Ndani ya kikoromeo kuna mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa na utando laini wenye unyevu. Ndiyo tunayoiita nyuzi za sauti, ingawa haifanani na nyuzi za gitaa. Kwa mwanamke ina urefu wa sentimita moja na kidogo. Unapozungumza hukutana na kuachana karibu mara 200 kwa sekunde, na ukiimba noti ya “la” iliyo juu ya “do” ya katikati ya piano ni mara 440. Piga hesabu ya usiku mmoja wa kuimba. Utando ule unaweza kuhimili hayo kwa sababu ni mwepesi na umelowa, unateleza kama wimbi. Ukivimba, unakuwa mzito. Ili uimbe juu lazima mikunjo ivutike iwe myembamba, nayo iliyovimba haivutiki vizuri wala haifungi sawasawa, ndiyo maana noti za juu hutangulia kupotea na hewa hupenya katikati. Barua yako imeeleza hali hiyo neno kwa neno.

Moshi wa sigara hupita katikati ya mikunjo hiyo kila unapovuta, hauna njia nyingine ya kufika mapafuni. Unaikausha na kuichoma, na mtu akiendelea miaka, tabaka lililo chini ya utando hujaa majimaji. Mikunjo inaning’inia, sauti ya mwanamke inashuka na kuwa nzito. Huo uzito ndio watu wanauita kuiva. Pombe njia yake ni nyingine: haigusi nyuzi za sauti, kwa kuwa inapita kwenye umio, na kwa sababu hiyohiyo kinywaji cha moto au dawa ya kumung’unya haiwezi kuzipaka chochote. Lakini pombe inafanya usihisi maumivu unapolazimisha, na huruhusu asidi ya tumbo kupanda usiku ukiwa umelala, ikaamkia kooni. Kukauka kwako kwa asubuhi kunaweza kuwa na mkono wake humo. Na ule mkwaruzo unaoulazimisha, kama unaufanya kwa kubana, ni kuzisugua nyuzi hizohizo zilizovimba. Upo mkwaruzo unaotengenezwa na sehemu zilizo juu ya nyuzi za sauti bila kuziumiza. Unafundishika, ila ana kwa ana, na koo zima, kamwe si kwa kusoma maandishi yangu.

Utaniambia kuna waliovuta sigara na wakaimba vizuri. Wapo. Mwimbaji wa jazi Sarah Vaughan alivuta miaka mingi, na sauti yake iliposhuka ilizidi kuwa ya ajabu. Alifariki Aprili 1990 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 66. Siwezi kukuambia kila anayevuta atapoteza sauti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba koo lako wewe limeshatoa jibu lake, ndani ya mwaka mmoja.

Kwa daktari, matokeo yanaweza kuwa kadhaa. Kama ni uvimbe tu, kuacha moshi na kupunguza matumizi kwa wiki chache mara nyingi hutosha. Kama ni vinundu, vile vidonge vidogo kama sugu katika kingo zote mbili, tiba ya kwanza huwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya sauti, si kisu, na wengi hupona hivyo. Kama ni uvimbe wa upande mmoja au mshipa uliopasuka, upasuaji unaweza kutajwa. Usikatae kwa hofu wala usikubali kwa haraka: uliza kama mtaalamu wa tiba ya sauti ataanza nawe kabla, na kama daktari huyo amezoea kutibu waimbaji. Usisubiri miadi kabisa ukiona damu unapokohoa, pumzi ikikubana, kumeza kukiuma, ukipapasa uvimbe shingoni, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo. Hiyo ya mwisho ikitokea, nyamaza palepale, wimbo umalizwe na piano.

Najua usiku tatu ni riziki yako. Kwa usalama wako, chaguo langu ni usimame kabisa mpaka utazamwe. Kama haiwezekani, imba usiku mmoja, nyimbo chache, zishushwe ziimbwe kwa noti za chini zaidi, na bendi ipige nyimbo zisizo na maneno kati ya zako. Mchana punguza mazungumzo, lakini usinong’one. Kunong’ona kwa nguvu kunalibana koo kuliko kusema polepole. Kunywa maji siku nzima, maana unyevu wa nyuzi za sauti unatoka ndani ya mwili, na mvuke wa maji ya moto husaidia kwa kuwa huo unavutwa kwa pumzi. Sigara ukishindwa kuiacha peke yako, mwambie daktari huyohuyo. Zipo njia za kukusaidia, na mwaka mmoja bado ni mfupi.

Umeuliza utabaki na nini. Utabaki na sauti ndogo na nyembamba, yaani kile alichokuwa nacho Billie Holiday mwaka 1935. Bessie Smith alijijenga katika kizazi kilichotakiwa kusikika bila umeme. Billie alikuja baada ya mwaka 1925, kurekodi kulipoanza kutumia maikrofoni, na aliielewa ile maikrofoni kama sikio la mtu mmoja aliyekaa karibu. Sauti ndogo ndiyo inayofaa kwa sikio lililo karibu.

Wakati unapumzika unaweza kuanza kazi bila kutoa sauti. Chukua rekodi moja ya miaka ile ya Teddy Wilson. Piga kofi kwenye mbili na nne pekee, usikilize mpaka ujue kila neno linaingia kabla au baada ya kofi. Iandike karatasini. Daktari akikuruhusu, chukua wimbo wako, usiuimbe, useme, kama unamwambia mtu unayemjua, huku kofi likiendelea. Jirekodi kwa simu. Kisha uuimbe kwa noti tatu tu, kwa kimo cha sauti yako ya kuzungumza. Utachoka na kuona haya wiki ya kwanza. Endelea.

Na kuna jambo limenikaa tangu niliposoma barua yako: umetaja mkwaruzo, hukutaja spika. Kama hujisikii jukwaani, unapiga kelele kila usiku bila kujua, na hiyo peke yake inatosha kulivimbisha koo hata la asiyevuta. Omba spika ndogo iwekwe chini, ielekezwe kwako, isogee mpaka ujisikie ukiimba kwa sauti ya kuzungumza. Halafu mwombe mpiga ngoma aweke fimbo chini na ashike brashi, zile za nyuzi zinazopiga kwa upole, kwenye nyimbo zako zote. Akiuliza kwa nini, mpe asikilize rekodi za Julai 1935, na umwambie amsikilize mwenzake wa kwenye ngoma.